Demani: Maswali Yanayoulizwa Kila Mwaka Kuhusu Mwezi wa Kabla ya Vuli

Nalima heka mbili na nusu upande wa Muheza, mkoani Tanga. Kila Septemba ikiingia, maswali ni yale yale: kisimani, sokoni, kwenye kikao cha kikundi, na siku hizi kwenye simu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, ili mwenye kuhitaji ayapate kabla wingu la kwanza halijasimama.

Demani ni nini hasa, na mwezi unaouzungumzia ni upi?

Watu wa pwani tuna majina yetu ya majira. Masika ni mvua za Machi hadi Mei. Baada yake upepo wa kusi hushika nguvu na kipupwe huingia, ile baridi ya Juni na Julai inayowafanya wazee wavae sweta asubuhi. Kusi likianza kulegea, bahari ikatulia na joto likarudi polepole, hiyo ndiyo demani. Kisha huja vuli, Oktoba hadi Desemba, na nyuma yake upepo wa kaskazi na jua lake.

Hapa nazungumzia hasa Septemba na siku za mwanzo za Oktoba. Mavuno ya masika yamo ndani, mvua ya vuli haijafika. Wapo wanaouita mwezi wa bure. Mimi naona ndio mwezi wenye thamani kuliko yote kwa mkulima mdogo, kwa sababu kazi zake nyingi zinataka mikono na jua tu, wala hazitaki fedha. Jua hilo likishaondoka, kazi ile ile ya bure utailipia.

Mimi si mtu wa pwani. Yananihusu?

Kama kwenu mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka, ndiyo. Kwa Tanzania ni Tanga, Pwani, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba, Kilimanjaro, Arusha, Manyara na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Kwa Kenya, wenzetu wa Ukambani wanaitegemea mvua ya Oktoba hadi Desemba kuliko hata ile ya Machi, kwa hiyo kwao mwezi huu una uzito zaidi. Walio Dodoma, Singida au Mbeya wana msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba au Desemba: kazi ni hizi hizi, sogeza tarehe mbele.

Nina siku chache tu. Nianzie wapi?

Anza na paa na maji, fuata mbegu, halafu shamba. Watu wengi huanza na shamba kwa sababu ndilo linaloonekana. Lakini shamba ambalo halijamalizika kutayarishwa unaweza kuendelea nalo hata wiki ya kwanza ya mvua, ardhi ikiwa laini. Mfereji ulioziba huwezi kuuzibua mvua inaponyesha usiku, na mbegu mbovu huwezi kuigundua ikiwa imeshafukiwa.

Mifereji ya paa naisafishaje? Mbona inaonekana mizima tu?

Kwa chini huonekana mizima. Miaka mitatu iliyopita nami nilitazama kwa chini nikaridhika. Mvua ya kwanza ya Oktoba ilipokuja, maji yalimwagika pembeni ya nyumba badala ya kuingia kwenye tangi, yakachimba udongo hadi mawe ya msingi yakaonekana. Nilipopanda ngazi kesho yake nilikuta kwenye kiungo cha bomba, pale linapokunja kuelekea chini, majani ya mwembe yameshikamana na tope la nyigu yakawa kama kizibo cha chupa. Nilikitoa kwa kijiti kwa dakika mbili. Kurudishia udongo ule kulinichukua siku nne.

Kwa hiyo panda juu. Toa majani na vumbi kwa mkono, usisukumie kwenye bomba. Mwaga ndoo moja ya maji upande wa mbali wa mfereji na utazame yanakokwenda: yakituama katikati, mfereji umelala, unahitaji kuinuliwa kwa waya au kipande cha ubao. Kagua misumari ya bati. Iliyolegea huonekana kwa duara la kutu kuizunguka. Nyumba ya makuti, tafuta mahali unapoona mwanga ukiwa ndani mchana, na ufume makuti mapya sasa hivi, maana wiki ya kwanza ya mvua kila mtu atakuwa anayatafuta na bei hupanda. Ukuta wa udongo wenye nyufa, kandika sasa. Udongo unataka siku kadhaa za jua kukauka, na siku hizo bado unazo.

Tangi lisugue ndani, lioshe, liache wazi likauke. Mvua ya kwanza kabisa usiiingize tangini. Ina vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha ndege. Iache ioshe bati kwanza.

Kweli paa dogo linaweza kunipa maji ya maana?

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48 (pima ardhini, chini ya kingo za paa, usipime mteremko wa bati). Mvua ya milimita 20, ambayo kwa vuli ni ya kawaida tu, hukupa lita 960. Toa tano moja inayopotea kwa kurukia nje na kuvuja, unabaki na zaidi ya lita 750. Hizo ni ndoo 37 za lita ishirini kutoka mvua moja. Anayechota maji kwa kichwa anajua ndoo 37 ni safari ngapi.

Kama huna simtanki, usikate tamaa. Pipa moja chini ya kona ya paa lenye kipande cha mfereji wa mita mbili ni mwanzo mzuri, ilimradi lina mfuniko.

Mbegu nilizobakiza mwaka jana zinafaa?

Usiulize mtu, ziulize zenyewe. Hesabu punje 50 bila kuchagua nzuri. Zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowa, kiviringishe, kiweke ndani ya sahani mahali penye kivuli, na ukinyunyizie maji kila asubuhi. Siku ya sita au ya saba kifungue, uhesabu zilizotoa mzizi wenye afya na chipukizi. Zilizoota mzizi uliojipinda au kuoza ncha usizihesabu.

Zikiota 43 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 35 hivi, ongeza punje kwenye shimo. Zikipungua 30, tafuta mbegu nyingine na hizo zipeleke kwa kuku kama hazina dawa. Zenye dawa, yaani zilizopakwa rangi, usimpe kuku wala usisage.

Fanya jaribio hilo hata kwa mbegu ya dukani. Mwaka juzi nilinunua mfuko wa mahindi uliofungwa vizuri, rangi inang'aa, lebo iko sawa. Kwenye kitambaa ziliota 19 kati ya 50. Bado ilikuwa Septemba, kwa hiyo nilirudi na kitambaa chenyewe mkononi, muuzaji akazitazama punje kimya, akanibadilishia. Ningegundua Novemba ningekuwa nimepoteza mbegu, vibarua wa kupanda, na wiki mbili za mvua, na wiki hizo mbili hakuna duka linalozirudisha. Tunza risiti na mfuko wenyewe.

Vuli ni fupi. Nipande nini?

Vinavyokomaa upesi. Kwa mahindi chagua mbegu ya muda mfupi. Situka ni mojawapo ya zinazojulikana kwa kuwahi. Kunde na choroko hukubali vuli vizuri na hazidai mbolea nyingi. Kama vuli ya kwenu hukatika mapema, weka sehemu kubwa kwenye mikunde na muhogo, mahindi yawe kidogo. Najua ugali ndio chakula, lakini mahindi yaliyokosa mvua yakiwa yanatoa mbelewele hayana msaada tena.

Imenyesha jana usiku! Nipande?

Swali hili hunijia kila Septemba, na karibu kila mara jibu ni hapana. Hizo ni mvua za mchoo, manyunyu yanayopita wakati wa kusi na mwisho wake. Hulowesha vumbi, hunukia vizuri, na huwadanganya watu. Mbegu hupata unyevu wa kutosha kuamka, halafu jua la wiki mbili linaiua.

Chukua jembe, chimba mahali pa wazi, uingize mkono. Unyevu ukifika kina cha shubiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, ardhi iko tayari. Usipofika, subiri, hata kama jirani ameshapanda.

Utabiri wa hali ya hewa tuuamini?

Tuusikilize, na tujue unasema nini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla msimu haujaanza. Wakisema "wastani hadi juu ya wastani", hawasemi kwamba shamba lako wewe litapata mvua siku fulani. Wanazungumzia uwezekano kwa eneo kubwa na msimu mzima. Bahari ya Hindi ndiyo yenye neno kubwa kwenye vuli: upande wetu wa magharibi ukiwa na joto kuliko kawaida na ule wa Indonesia ukapoa, mvua hapa huzidi. Ndivyo ilivyokuwa 1997, ikawa hivyo 2019, na 2023 pamoja na El Niño. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua watu wengi.

Kwa hiyo mwaka ambao utabiri ni wa mvua kubwa, ongeza kazi moja: makinga maji. Zibua mitaro ya zamani, na kama shamba lina mteremko, chimba mtaro mpya wa kukata mteremko, udongo ukiutupa upande wa juu. Na kama nyumba yako iko kwenye mkondo wa korongo, zungumzeni kama familia mtakwenda kwa nani mvua ikizidi usiku. Mazungumzo hayo yafanyike mchana, watu wakiwa wametulia.

Shamba nalisafishaje upesi? Nichome moto?

Usichome. Najua ni upesi, na najua baba zetu walichoma. Lakini mabua na majani yale ndiyo chakula cha udongo na ndiyo blanketi lake mvua ya kwanza inapopiga. Baada ya moto, udongo unabaki uchi na mvua ya kwanza ya vuli, ambayo aghalabu huwa kali, huuchukua hadi mtoni. Na Septemba kila kitu ni kikavu. Moto wa heka moja huvuka mpaka kabla hujafika kwenye ndoo. Fyeka, lundika mistari ukikingama mteremko, acha yaoze.

Nikianza mboji leo itawahi vuli?

Haitawahi. Lundo zuri, lenye majani mabichi, makavu, samadi na maji, linalogeuzwa kila wiki mbili au tatu, huchukua miezi miwili hadi mitatu. Ukianza leo, mboji yako ni ya masika, na hiyo ni sababu nzuri ya kuanza leo. Kwa vuli tumia samadi iliyokwisha kukaa. Utaijua kwa mkono: iliyoiva ni nyeusi, inapukutika, haina joto ndani na hainuki mkojo. Mbichi huunguza miche.

Mashimo ya migomba yachimbwe lini?

Sasa. Sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini, mita tatu kutoka shimo hadi shimo. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini kushoto. Yaache wazi jua liingie. Mvua zikikaribia, changanya udongo wa juu na samadi debe moja au mbili, rudishia, uweke kijiti katikati ili upajue. Chipukizi chagua lile lenye majani membamba kama sime. Menya mizizi kwa kisu utazame shina lake: ukiona vijitundu vyeusi vimepenya ndani, huyo ni fukusi, litupe mbali na shamba.

Na pingili za muhogo?

Tembea shambani wakati majani bado yapo, uwekee alama mashina mazuri kwa kamba. Majani yenye mabaka ya njano yaliyojikunja ni batobato. Shina lenye mistari ya kahawia, au mhogo uliooza kahawia ndani, ni michirizi. Magonjwa yote mawili husafiri ndani ya pingili, kwa hiyo ukikata kwa mgonjwa unajipandia ugonjwa. Kwetu wengi hupanda aina iitwayo Kiroba kwa kuwa inavumilia michirizi vizuri. Mashina yaliyokatwa yasimamishe kivulini, tako likiwa ndani ya udongo, na upande ndani ya wiki chache.

Mahindi yangu ya masika yako ghalani. Si nimeshamaliza nayo?

Hapo ndipo tunapoumia. Yamekaa miezi miwili, joto linarudi, na unyevu wa vuli unakuja. Fungua kila gunia sasa, ingiza mkono hadi kiwiko. Ukisikia joto, kuna tatizo. Ukiona unga mwingi kama wa mashine chini ya gunia, ni dumuzi, yule mdudu wa kahawia aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kutambuliwa kwanza Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Akiachwa, gunia zima linabaki makapi.

Kupima ukavu, chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi hadi robo, ongeza kiganja cha chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado. Isiponata, mimi hata hivyo huyapa jua siku moja au mbili zaidi, kwa kuwa njia hii haioni unyevu mdogo. Yaanike juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Yakipoa, yarudishe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya kiroba, ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu waliobaki hufa kwa kukosa hewa. Ila mahindi mabichi usiyatie humo, yataoza. Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta.

Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kunyauka, zichambue uzitupe. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Tafadhali, usimsagie mtoto uji wa mahindi uliyokuwa unayatilia shaka kwa wakubwa.

Niuze mahindi sasa nipate fedha ya mbegu?

Hesabu kwanza ya kula. Kama nyumba inasaga debe mbili kwa mwezi, kuanzia Oktoba hadi Februari, mahindi ya vuli yanapokauka, ni debe kumi. Ongeza mbili za wageni na msiba. Kinachozidi hapo ndicho cha kuuza, na hata hicho usiuze chote, maana bei hupanda kadiri Desemba inavyokaribia. Kuuza debe leo ili ulinunue tena Januari kwa bei ya juu ni hasara niliyoiona kwenye nyumba nyingi, na aghalabu mwenye kulibeba debe lile la Januari kichwani ni mama.

Kuku?

Chanjo ya kideri, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Kama mara ya mwisho ilikuwa Juni, Septemba ndiyo zamu. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo changeni majirani na mchanje siku moja, jioni kuku wakiwa wamelala. Chanja wazima tu. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi.

Mbu bado hawapo. Chandarua kingoje?

Kifue leo kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini kwa sababu jua kali huharibu dawa, ushone matundu. Zunguka nyumba uondoe vifuu, makopo na matairi. Mbu anahitaji wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka, na wiki chache baada ya mvua ya kwanza ndipo zahanati zinapoanza kujaa.

Sisi wavuvi tufanye nini?

Mimi ni mtu wa shamba, ila shemeji yangu ana mashua. Yeye hungoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, chombo kikikaa mchangani maji yakitoka, ndipo fundi hukalafati, yaani huziba nyufa za mbao, kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Anasema demani bahari imetulia na samaki wapo, kwa hiyo siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huvua, za bamvua hutengeneza.

Mbona hakuna swali la kupumzika? Na sisi ni watu.

Ni haki yenu, na wala si swali la mwisho kwa umuhimu. Demani ni mwezi wa harusi na wa kutembeleana, chakula kikiwapo ndani na njia zikiwa kavu. Nendeni. Mama yangu alikuwa na desturi ya kwenda kwa dada yake Pangani siku tano kila Septemba, na aliporudi alikuja na kitu: mche, mbegu ya mchicha iliyofungwa kwenye leso, siku moja kuku jike mwenye vifaranga. Mbegu ya kunde ninayopanda hadi leo ilitoka kwenye safari mojawapo ya hizo. Wenye mtoto wa darasa la saba, mtihani wake ni mwezi huu huu. Mpunguzieni kazi za shamba hadi amalize.

Nitajuaje kwamba mwezi umekwisha?

Upepo utaanza kukosa mwelekeo, asubuhi hivi, jioni vile. Joto la usiku litarudi. Mibuyu itatoa majani kabla ya tone lolote. Kisha mvua ya maana itanyesha, na jioni yake kumbikumbi watatoka ardhini na watoto watakimbilia taa na mabeseni. Asubuhi inayofuata nenda shambani na jembe, chimba, ingiza mkono. Ukikuta shubiri nzima imelowa, rudi nyumbani ukachukue mbegu.